Nataka kuachana na miwani, lakini mama analia kila nikitaja leza

Barua ya msomaji

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, ni fundi cherehani, nashonea Kariakoo na wasaidizi wawili. Kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi na ya sendofu.

Miwani nilianza kuvaa nikiwa kidato cha pili, huu mwaka wa 26. Namba yangu sasa hivi jicho la kulia ni mainasi 5.25, yaani mbali sioni, na astigimatizimu (mkunjo wa jicho usio sawa pande zote) 1.00, la kushoto mainasi 4.75 na astigimatizimu 0.75. Namba kubwa haijasogea kwa miaka mitatu, ila astigimatizimu ya kulia mwaka juzi ilikuwa 0.50.

Nimechoka. Joto la Dar unalijua. Ikifika saa nne asubuhi jasho limeshaanza na miwani inateleza mpaka ncha ya pua, na mimi mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Nikipiga pasi ya mvuke inajaa ukungu. Nikiinama kupima upindo wa gauni la bibi harusi inadondoka, na mdomoni nimebana pini, siwezi hata kusema samahani. Mwezi wa tatu ilivunjika tukigombea mwendokasi pale Gerezani, nikakaa siku nne bila kazi nikisubiri lenzi nyingine. Bila miwani siwezi lolote, labda kutunga uzi tu, maana hapo ndipo huwa naivua na naona vizuri kuliko hata wasaidizi wangu wadogo. Siku hizi nikiwa nimeivaa najikuta nasogeza simu mbali kidogo ili nisome. Nahisi miwani yenyewe ndiyo imenilemaza macho.

Nilikwenda kliniki moja inayotangaza leza ya kurekebisha macho. Wakaniwekea kidevu kwenye mashine, wakanipa karatasi: unene wa konea, kioo cha mbele ya jicho, kulia 512, kushoto 518. Wakasema nafaa kwa LASIK, aina mojawapo ya leza hiyo, na nikilipia kabla ya mwisho wa mwezi napata punguzo. Hawakuniwekea dawa yoyote machoni na hawakuniuliza habari za nyumbani.

Habari za nyumbani ni hizi. Mama yangu jicho moja halioni kwa sababu ya presha ya macho, na lile lililobaki anatia matone kila usiku. Nilipomwambia kuhusu leza alilia. Anasema jicho halichezewi. Mume wangu hakatai moja kwa moja, ila fedha yenyewe ni ya kikoba tunachovunja Desemba, na yeye alitegemea tupaue nyumba yetu ya Chanika.

Jambo jingine dogo: macho yananiwasha, hasa siku za kukata vitambaa vya pamba, na nayafikicha sana. Sijui kama linahusika.

Natamani siku moja niamke nione saa ya ukutani bila kupapasa. Nifanye au nisifanye?

Fundi wa Kariakoo

Jibu la mshauri

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa uchovu huo. Mtu mwenye mainasi tano haamki kama watu wengine: kabla ya kuamka anatafuta, mkono unapapasa meza, unapapasa chini ya mto. Kutamani kuona saa ya ukutani si anasa wala si kiburi.

Umeuliza swali moja, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipita haraka: kwamba ukitaka kutunga uzi unavua miwani. Tuanzie hapo, kwa sababu mkate wako uko hapo.

Jicho la mainasi tano likiwa tupu linaona safi kabisa kitu kilicho sentimita 20 kutoka usoni. Ni mita moja ukigawanya kwa tano, kama shubiri moja hivi. Ndani ya shubiri hiyo una kioo cha kukuzia ulichopewa bure, na ndicho kinachokufanya uwashinde wasaidizi wako wadogo. Leza ikiondoa mainasi yote, nacho kinaondoka.

Kuna jambo la umri pia. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ipo lenzi ya asili inayobadilika umbo ili tuone karibu. Kuanzia miaka ya arobaini inakuwa ngumu na kubadilika kwake kunapungua. Kule kusogeza simu ndiyo dalili yake ya kwanza, na miwani haijakulemaza kitu. Ungefikia hapo hata kama usingevaa miwani siku moja. Leza inafanya kazi kwenye konea, kile kioo cha mbele, haigusi lenzi ile. Isitoshe, miwani ya mainasi inalipunguzia jicho kidogo ile kazi ya kujikaza ili lione karibu. Ukishafanyiwa leza nafuu hiyo haipo, na simu utaisogeza mbali zaidi ya sasa.

Kwa hiyo ukiniambia unataka kuachana na miwani, nakuuliza: miwani ipi? Ya kuona basi likija, inawezekana sana ukaachana nayo. Lakini kwenye sindano, shanga na ushonaji wa mkono huenda ukahitaji miwani ya kusomea mapema baada ya leza, na namba yake itapanda taratibu mpaka karibu na miaka sitini. Wapo wanaofurahia mabadilishano hayo kwa sababu siku yao yote ni barabarani. Siku yako wewe ni ya shubiri moja. Sisemi usifanye, nasema ujue unabadilisha nini na nini.

Na unaweza kujua bila kukatwa. Muombe mtaalamu wa macho akupe lenzi laini za kuvaa juu ya jicho za majaribio, zinazosahihisha namba yako yote. Ukizivaa, jicho lako linakuwa karibu sawa na litakavyokuwa baada ya leza. Zivae siku tano au sita za kazi: tunga uzi, fumua mshono mweusi kwenye kitambaa cheusi, shona shanga jioni umeme ukiwa hafifu. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kuzigusa, usilale nazo, usizioshe kwa maji ya bomba, na siku ya kukata pamba usizivae. Kisha jaribu mpango wa pili, ambapo jicho moja linasahihishwa lote na jingine linaachiwa mainasi 1.00 hadi 1.50 liwe la karibu. Kwa leza nako inafanyika hivyo hivyo. Hasara yake ni kwamba kupima umbali kunapungua kidogo, na usiku taa za magari zinasumbua. Wengine ubongo unazoea ndani ya wiki mbili, wengine hauzoei kabisa, na ni afadhali kuligundua hilo kwa lenzi unayoweza kuivua.

Sasa ichukue ile karatasi. Namba 512 na 518 ni maikromita. Konea yako ni nusu milimita na ushei. Ya kawaida huwa kwenye 540 hivi, kwa hiyo yako ni nyembamba kidogo, si ya kutisha. Kwenye LASIK daktari anakata kifuniko cha juu, tuseme maikromita 110, anakifunua kama ukurasa, leza inakwangua chini yake, halafu anakirudisha. Jicho lako la kulia, 5.25 ukijumlisha 1.00 ni 6.25. Kwa eneo la upana wa milimita 6.5 zinaondoka takribani maikromita 88. Toa 110, toa 88, chini inabaki 314. Ukomo wa zamani ni 250, lakini madaktari wengi leo hawapendi kushuka chini ya 300. Umepita, kwa maikromita 14. Ukipima kwa njia nyingine, kifuniko na kilichokwanguliwa ni 198, yaani asilimia 38.7 ya konea nzima, na kwenye asilimia 40 ndipo wataalamu wanaanza kuogopa. Kifuniko kikitoka 125 badala ya 110, umevuka mistari yote miwili. Hii ni hesabu ya mezani, kila mashine ina zake, lakini inakuonyesha kwamba neno "unafaa" ulilopewa halina nafasi kubwa ya makosa. Daktari anaweza kuokoa unene kwa kupunguza eneo liwe milimita 6, zikaondoka 75 tu. Ila usiku mboni ikipanuka kupita eneo hilo, kila taa ya bodaboda itakuwa na duara la mwanga.

Kwa nini unene una uzito hivi? Konea ikidhoofishwa kupita kiasi huanza kutuna mbele, na ikifika hapo miwani ya kawaida hairudishi uoni mzuri. Watu huishia kwenye lenzi ngumu za kuvaa na matibabu ya kuikaza konea. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye konea yake ilikuwa na udhaifu tangu mwanzo, ugonjwa unaoitwa keratokonasi, na ugonjwa huo unahusishwa na mzio na kufikicha macho. Ndiyo, lile jambo dogo linahusika. Astigimatizimu kutoka 0.50 hadi 1.00 inaweza kuwa tofauti tu ya mpimaji au ya siku, na katika umri wako keratokonasi mpya si ya kawaida. Lakini namba inayosogea pamoja na macho yanayofikichwa ni sababu tosha ya kudai ramani ya konea, ile picha ya rangi rangi, uso wa mbele na uso wa nyuma. Namba moja ya unene haiwezi kuonyesha udhaifu ulio pembeni au nyuma. Kama karatasi yako haina ramani hiyo, bado hujapimwa kwa ajili ya leza.

Mzio wenyewe utibiwe kwanza. Kuna matone ya kuzuia kuwashwa, hutumiwa mfululizo na si siku ya kuwashwa tu. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope kinatuliza, na barakoa na miwani ya kazi siku ya kukata pamba vinasaidia. Ukiendelea kufikicha baada ya LASIK, kifuniko kinaweza kusogea au kukunjamana, maana hakirudi kushikana kama kilivyozaliwa.

Nifike kwa mama. Umeyaandika machozi yake kama kizuizi. Mimi nayasoma kama historia ya ugonjwa ambayo kliniki haikuiuliza. Presha ya macho hutembea kwenye ukoo, sisi Waafrika hutupata zaidi, na macho ya mainasi kubwa hulengwa zaidi pia. Leza haikatazwi moja kwa moja kwa mtoto wa mgonjwa, lakini inagusa mambo matatu. Kifaa cha kukatia kifuniko hushika jicho kwa kulifyonza, na kwa sekunde kadhaa presha inapanda sana. Matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) unayopewa baada ya upasuaji yanaweza kuipandisha kwa baadhi ya watu, hasa yakitumiwa kwa wiki nyingi. Na la tatu ndilo linalosahaulika: konea ikishapunguzwa, mashine ya kupima presha husoma chini ya ukweli. Miaka kumi baadaye unaambiwa presha ni nzuri, kumbe sivyo.

Kwa hiyo kabla ya chochote mshipa wa fahamu wa jicho lako, ule ambao presha ya macho huuharibu, uangaliwe. Utawekewa matone ya kupanua mboni, upimwe presha, upigwe picha ya mshipa, na upimwe upana wa uoni kwa ile mashine ya kubonyeza ukiona nukta ya mwanga. Idara ya macho ya Muhimbili na hospitali ya CCBRT pale Msasani wamezoea wagonjwa wa presha ya macho. Siku hiyo usiweke miadi ya mteja, kuona karibu kutakuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Hapo hapo watazame retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho la mainasi kubwa huwa refu kupita kawaida, na leza hailifupishi. Jicho la mainasi tano linabaki na hatari yake ya retina kuchanika hata ukiwa huvai miwani. Ukiona vimulimuli, vidoa vingi vyeusi vya ghafla au kivuli kama pazia, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo vikitoka vizuri, LASIK haiko peke yake. Kuna PRK, isiyo na kifuniko: inaondolewa ngozi ya juu tu, kama maikromita 50, ambayo huota tena. Kwa hesabu ile ile chini zinabaki 374 badala ya 314, na hakuna cha kusogea ukijisahau ukafikicha. Bei yake unailipa kwa maumivu. Siku mbili tatu za kuungua na machozi, mapazia yamefungwa, lenzi ya bandeji juu ya jicho siku nne hadi tano, uoni wenye ukungu wiki kadhaa. Kushona mshono mrefu labda baada ya wiki mbili. Shanga ndogo ipe mwezi au zaidi. Matone ya steroidi huenda yakakaa wiki nyingi, na hapo presha ipimwe kila ukirudi. Miwani ya jua ni lazima miezi ya mwanzo, kwani jua kali linaweza kusababisha konea kuota ukungu wa kovu.

LASIK inakurudisha kazini baada ya siku mbili tatu, lakini inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea, na macho hukauka kwa miezi, mara nyingi mitatu hadi sita. Fundi anayekodolea mshono hupepesa kope mara chache, na feni ya kibandani mara nyingi inampiga usoni. Feni hiyo igeuzwe, na machozi ya bandia yasikauke mezani. Kuna SMILE pia, inayotoa kipande chembamba kupitia tundu la milimita chache bila kifuniko. Nayo inataka konea yenye unene na ramani safi. Na kuna lenzi inayowekwa ndani ya jicho bila kupunguza konea, ambayo inaweza kutolewa, lakini inahitaji nafasi ya kutosha mbele ya lenzi ya asili na ni upasuaji wa ndani, ghali zaidi, wenye kufuatiliwa presha na mtoto wa jicho. Zote hizi haziponyi uoni wa karibu.

Halafu ipo njia ya kubaki na miwani, ambayo naona hukuipa nafasi ya haki. Siku nne ulizopoteza mwezi wa tatu zilitokana na kuwa na miwani moja. Miwani ya akiba ndani ya droo ya cherehani ingezifuta. Fremu nyepesi yenye vishikio vya pua vinavyorekebishika na vipande vya mpira nyuma ya masikio haitelezi kama ya plastiki pana. Omba lenzi nyembamba za 1.67 (hicho ni kipimo cha aina ya lenzi, si namba ya macho), uzito unapungua. Haitakuonyesha saa ya ukutani, nakubali.

Kuhusu mume wako, sitaingia kati ya bati na macho. Ila akupe nafasi umweleze haya kwa karatasi, pengine kilichokosekana kwake ni maelezo. Punguzo la mwisho wa mwezi lisikukimbize. Kujaribu lenzi, kutibu mzio, kuona daktari wa presha ya macho, na wiki mbili za kukaa bila lenzi zozote za juu ya jicho kabla ya ramani ili konea irudi umbo lake, haviishi mwezi huu. Na kikoba kinavunjwa Desemba, wakati wa harusi zenu. Sioni unavyofunga macho siku tano katikati ya magauni. Ukiulizia bei, uliza kama ndani yake kuna kurekebisha iwapo namba itabaki, na nani atakuona kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi na baada ya miezi sita. Swali hilo ni zito zaidi ukishawishika kwenda India, kwa sababu kifuniko kikikunjamana wiki ya kwanza huwezi kusubiri ndege. Jina la daktari linaweza kuulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Ukifika kuamua ndiyo, kabla ya siku yenyewe omba nakala ya vipimo vyote: namba ya miwani, unene, mkunjo wa konea, ramani, presha. Viweke pamoja na vyeti vya watoto. Uzeeni mtoto wa jicho akija, daktari atazihitaji namba hizo kuchagua lenzi ya kukuwekea, na kila atakayekupima presha ya macho lazima ajue konea ilipunguzwa. Ukifika kuamua hapana, nakala hizo hizo ndizo za kulinganishia mwaka kesho.

Ndugu zako wa tumbo moja nao wakapimwe mshipa wa jicho, hasa waliofika arobaini, hata kama wanaona vizuri. Na siku yako ya kupimwa, nenda na mama. Foleni ile anaijua kwa miaka, na safari hii ni yeye atakayekushika mkono kutoka nje ukiwa na mboni zilizopanuka.